Si kila uchovu wa baba ni homoni: somo kuhusu testosteroni na sindano za kuiongeza

Kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti kilikuwa kimekwisha. Viti vilikuwa vikikusanywa na mimi nilikuwa nafunga kamera nirudi mjini. Mwanamume mmoja wa makamo akanifuata hadi kwenye gari. "Afisa," akasema kwa sauti ya chini, "nina swali jingine, lakini halikuwa la kuuliza mbele ya watu."

Akatoa simu. Kwenye kikundi chao cha WhatsApp kulikuwa na tangazo lenye picha ya mzungu mwenye misuli, na chini yake orodha ya dalili: uchovu, tumbo kukua, usingizi mbaya, kusahausahau, hasira za haraka, nguvu kupungua chumbani. Tangazo lilisema kwamba ukiwa na dalili tatu kati ya hizo, testosteroni yako imeisha na unahitaji sindano za miezi mitatu. Malipo ni nusu kwanza, nusu baadaye.

Mzee ana miaka 52. Alikuwa na dalili nne, na alikuwa ameshazungumza na mnunuzi ili auze mtamba wake. Swali lake lilikuwa fupi: "Niuze au nisiuze?"

Nilimwambia, mzee, ngoja kwanza, usiuze. Kisha nikaenda kuuliza. Somo la afya la toleo hili limetokana na swali hilo. Nimeketi na madaktari, mfamasia na wahudumu wa maabara wa hospitali yetu ya kaunti, na nimesoma miongozo wanayoifuata. Mwenyewe amekubali nieleze habari yake bila kutaja jina wala wadi anayotoka.

TESTOSTERONI NI NINI HASA

Homoni ni kemikali ambayo mwili huitengeneza sehemu moja na kuituma kwa damu ikafanye kazi sehemu nyingine. Testosteroni ni homoni kuu ya kiume. Karibu yote hutengenezwa na korodani, na kiasi kidogo hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Wanawake pia wanayo, ila kwa kiwango kidogo.

Korodani hazijiamulii. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayoitwa pituitari, ambayo hutuma homoni za kuziamuru zitengeneze testosteroni na mbegu za uzazi. Pituitari nayo hupokea amri kutoka ubongoni. Testosteroni ikitosha katika damu, ubongo huona hivyo na kupunguza amri. Ikipungua, amri huongezeka. Ni kama mtu wa mtambo wa maji anayetazama tangi: likijaa anazima pampu, likishuka anaiwasha. Naomba msomaji aishike picha hii ya pampu, kwa sababu madhara makubwa ya sindano yanatokana nayo.

Kijana anapobalehe, homoni hii ndiyo huifanya sauti yake iwe nzito, ndevu ziote, misuli na mifupa ikue. Kwa mtu mzima inaendelea kulinda mifupa, misuli, utengenezaji wa damu na hamu ya tendo la ndoa.

INASHUKA KIASI GANI

Kwa mwanamke, homoni za uzazi hushuka sana katika kipindi cha miaka michache na hedhi ikakoma. Kwa mwanamume hakuna siku ya namna hiyo. Kuanzia miaka ya thelathini au arobaini, testosteroni hushuka polepole, kwa wastani kama asilimia 1 kwa mwaka. Wanaume wengi hufika miaka 70 wakiwa bado ndani ya kiwango cha kawaida, na kuna wanaozaa katika umri huo, kama tunavyojua sote vijijini kwetu.

Je, ni wangapi wana upungufu wa kweli, ule wenye dalili na vipimo pamoja? Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2010 uliwachunguza wanaume zaidi ya 3,300 wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Watafiti waliweka masharti makali: dalili tatu za nguvu za kiume, pamoja na kipimo cha chini. Waliotimiza masharti yote walikuwa takriban 2 kati ya kila 100. Hao ni Wazungu, si sisi, lakini ukilinganisha na tangazo linalosema kila mwanaume mchovu "ameisha", utaona tofauti ilivyo kubwa.

Watafiti hao waligundua jambo jingine linalotusaidia. Dalili zilizoambatana kweli na testosteroni ndogo zilikuwa tatu: kupungua kwa hamu ya tendo, kutosimama kwa uume asubuhi mtu anapoamka, na uume kushindwa kusimama wakati wa tendo. Uchovu, hasira na kusahau huwapata watu wengi, wenye homoni ya kutosha na wasiokuwa nayo. Dalili nyingine ambazo daktari huzitilia maanani ni kupungua kwa ndevu na nywele za mwili, matiti kuvimba, jasho la ghafla, na mifupa kuvunjika kwa ajali ndogo.

BIASHARA YA ZAMANI

Kuuziwa ujana si jambo lililoanza na WhatsApp. Mwaka 1889, daktari maarufu aitwaye Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius hapa hapa Bahari ya Hindi, aliwaeleza wanasayansi wenzake mjini Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na nguruwe-guinea. Alikuwa na miaka 72. Alidai nguvu zimerudi, anapanda ngazi mbio na kufanya kazi saa nyingi. Habari ikaenea, na wauzaji wa dawa za aina hiyo wakafuata upesi. Leo inajulikana kwamba mchanganyiko wake haukuwa na homoni ya kutosha kufanya chochote. Aliamini kwamba utamsaidia, na imani hiyo ikampa nguvu kwa muda.

Testosteroni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1935, ikatengenezwa maabara mwaka huo huo na Adolf Butenandt na Leopold Ružička, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939. Kwa hiyo dawa yenyewe ni halali na imekuwepo muda mrefu. Inamsaidia sana kijana ambaye hakubalehe, mtu aliyeumia korodani au aliyefanyiwa upasuaji wa pituitari. Mjadala unahusu baba wa miaka 50 ambaye amechoka.

Nchini Marekani matangazo yalivuma sana, na kati ya mwaka 2001 na 2011 idadi ya wanaume wa miaka 40 na zaidi waliokuwa wakitumia testosteroni iliongezeka zaidi ya mara tatu. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliwaagiza watengenezaji waandike wazi kwamba dawa imeidhinishwa kwa upungufu unaotokana na ugonjwa unaojulikana, si kwa sababu ya kuzeeka tu.

KIPIMO, NA JINSI YA KUTOKIHARIBU

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anapimwa mara moja, saa tisa alasiri, baada ya chakula cha mchana na soda, halafu anaambiwa homoni iko chini.

Testosteroni hupanda usiku mtu akiwa amelala na huwa juu zaidi asubuhi. Baadaye mchana hushuka yenyewe. Kula, hasa vitu vya sukari, huishusha pia kwa muda. Kwa hiyo damu hutolewa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kabla ya kunywa chai. Majibu yakiwa chini, hupimwa tena siku nyingine, asubuhi vile vile. Kipimo kimoja hakitoshi kumwanzishia mtu dawa.

Tena, usipimwe ukiwa na malaria, nimonia au umetoka tu kwa upasuaji. Mwili unaopambana na ugonjwa huishusha homoni hii, na ukipona inapanda. Usiku wa kuamkia kipimo ulale vizuri. Kama wewe ni askari wa zamu ya usiku au dereva wa masafa marefu, mwambie daktari, kwa sababu asubuhi yako si asubuhi ya wengine.

Kuhusu namba: miongozo ya madaktari wa njia ya mkojo nchini Marekani hutumia nanogramu 300 kwa desilita kama mpaka wa chini, huku wataalamu wa homoni wa huko wakitumia 264 kwa vijana wenye afya. Maabara nyingine huandika kwa nanomoli, ambapo 300 huwa kama 10.4. Usishtuke ukiona 9 kwenye karatasi moja na 280 kwenye nyingine. Huenda ni vipimo tofauti vya kitu kile kile. Muulize anayekusomea.

Ikithibitishwa kuwa iko chini, daktari hupima pia homoni za pituitari. Homoni hizo zikiwa juu, amri inatoka lakini korodani ndizo zimeshindwa. Zikiwa chini au za kawaida, shida iko juu, kwenye pituitari au ubongo, au kuna kitu kinachoizuia isitume amri. Mara chache kitu hicho huwa uvimbe, na dalili yake nyingine inaweza kuwa maumivu ya kichwa au kuona vibaya pembeni. Anayekimbilia sindano kabla ya kipimo hiki anaweza kuuficha uvimbe huo kwa miaka.

UCHOVU WENYEWE UNATOKA WAPI

Tabibu mmoja aliniambia kwamba wanaume wakija kuuliza habari za homoni, yeye huanza na mzani, mashine ya presha na tone la damu kidoleni. Wengine hukasirika. Wanaona anawakwepa. Kumbe mara nyingi jibu liko hapo.

Kisukari cha aina ya pili ni cha kwanza. Huleta uchovu, huharibu mishipa ya damu na neva, na kwa hiyo hupunguza nguvu za kiume hata kama homoni ni ya kutosha. Pia wanaume wengi wenye kisukari na unene wana testosteroni ya chini. Mafuta ya tumboni hubadilisha testosteroni kuwa estrojeni, ambayo ni homoni ya kike, na ubongo hupunguza amri kwa korodani. Mtu anaponenepa homoni inashuka, na ikishuka mafuta yanazidi kujijenga. Habari njema ni kwamba mzunguko huu huweza kurudishwa nyuma: kupunguza uzito huipandisha testosteroni bila sindano, na kadiri uzito unavyopungua ndivyo inavyopanda.

Presha nayo. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana ikianza kuziba, dalili huonekana huko kwanza. Mwanamume wa miaka 50 ambaye uume wake umeanza kukataa kusimama anapaswa kupimwa moyo, presha, sukari na mafuta ya damu, kwa sababu hiyo inaweza kuwa taarifa ya mapema ya ugonjwa wa moyo unaokuja miaka michache mbele. Akinunua kidonge cha kumsimamisha na kuishia hapo, ameizima kengele huku moto ukiwaka.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndilo jambo ambalo wauguzi wetu walinisihi niliandike. Kuna wanaume wanaoacha dawa za presha kimyakimya kwa sababu wamesikia kijiweni kwamba zinamaliza nguvu. Ni kweli baadhi ya dawa za presha zinaweza kuchangia. Lakini zipo za aina nyingi, na daktari anaweza kukubadilishia. Anayeziacha bila kusema hupotea kliniki, na wengine hurudi wakiwa wamebebwa, upande mmoja wa mwili umepooza. Mweleze tabibu shida yako ilivyo. Ukiona haya mbele ya muuguzi wa kike, omba wa kiume. Hakuna atakayekucheka.

Usingizi. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2011 uliwachukua vijana wenye afya, wakalala saa tano tu kwa usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Ni wiki moja tu, na ni vijana. Sasa mfikirie mtu anayekesha na miraa siku nne kwa wiki. Vilevile anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini huamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Huo ni ugonjwa wenye matibabu yake, na testosteroni inaweza kuuzidisha.

Orodha inaendelea: pombe nyingi, sonona, upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, ugonjwa wa ini au figo, dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zikitumiwa muda mrefu, dawa za steroidi. Wanaoishi na virusi vya HIV wako katika hatari zaidi ya upungufu wa testosteroni, hasa wakipungua uzito, na wanaweza kuuliza katika kliniki zao za kila siku. Aliyewahi kuugua matubwitubwi ukubwani korodani zikavimba, au ambaye korodani moja haikushuka utotoni, ana sababu ya kupimwa.

TIBA INAYOTOLEWA KWA UTARATIBU

Tuseme sasa mtu ana dalili, amepimwa asubuhi mbili, na sababu nyingine zimetafutwa. Huyo anaweza kufaidika. Dawa hutolewa kwa sindano ya kila wiki moja hadi chache, sindano ya muda mrefu ya takriban kila miezi mitatu, au jeli ya kupaka ngozini kila siku. Jeli ina sharti lake: unaosha mikono na kufunika ulipopaka, kwa sababu ikimgusa mtoto au mke inaingia mwilini mwao. Kuna watoto walioanza kuota nywele za ukubwani kabla ya wakati kwa sababu ya jeli ya baba.

Inasaidia nini? Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi wenye testosteroni ya chini, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba hamu na nguvu za tendo ziliongezeka kwa kiasi cha wastani. Kuhusu uchovu, jambo ambalo tangazo la WhatsApp linaliweka namba moja, hapakuwa na faida ya maana kuliko dawa bandia. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuuza mnyama.

Kuhusu moyo, watu waliogopa kwa miaka mingi. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya jaribio kubwa la wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80 wenye ugonjwa wa moyo au hatari yake. Waliopewa testosteroni hawakupata mshtuko wa moyo au kiharusi zaidi ya wale waliopewa jeli bandia. Hiyo ni nafuu. Lakini walipata kwa wingi zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, madhara ya figo na damu kuganda ndani ya mapafu. Na uchambuzi wa baadaye wa jaribio hilo hilo ulionyesha mifupa kuvunjika zaidi, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Hao walikuwa watu waliochaguliwa kwa vipimo na kufuatiliwa na madaktari. Haiwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba sindano ya mtaani ni salama.

Testosteroni pia huongeza chembe nyekundu za damu. Damu ikizidi kuwa nzito, hatari ya kuganda huongezeka, ndiyo maana sehemu ya chembe nyekundu katika damu ikipita asilimia 54 dawa husimamishwa. Wakazi wa nyanda za juu damu yao tayari ina chembe nyingi kwa sababu ya hewa nyepesi, hivyo kipimo hiki kifanywe kabla ya sindano ya kwanza. Baadaye hurudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka, pamoja na kiwango cha testosteroni na tezi dume.

Tezi dume yenyewe ni jambo zito. Saratani ya tezi dume ni mojawapo ya saratani zinazowapata zaidi wanaume wa Kenya, na moja ya matibabu yake ni kuishusha testosteroni, kwa sababu homoni hiyo huilisha saratani. Mwenye saratani hiyo hapewi. Hali kadhalika mwenye saratani ya matiti, aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni, na mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi na ambao haujadhibitiwa.

Sasa turudi kwenye pampu na tangi. Ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo unaona tangi limejaa na unazima pampu. Korodani hazipati amri tena. Zinapungua ukubwa, na mbegu za uzazi zinapungua au kwisha kabisa. Hili si jambo la kukisia. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano ya testosteroni ya kila wiki kama njia ya kupanga uzazi kwa wanaume, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba wengi wa waliodungwa walibaki bila mbegu hata moja, na kinga dhidi ya mimba ilikuwa kubwa sana. Yaani ile ile dawa ambayo kijana wa miaka 35 anauziwa "aongeze uanaume" huku akitafuta mtoto, ilifanya kazi kama dawa ya kuzuia mtoto. Baada ya kuacha, kwa wengi mbegu hurudi, lakini huchukua miezi, na kwa wengine mwaka au zaidi. Na wakati huo mke ndiye anayeulizwa na mashemeji kwa nini hashiki mimba.

Mwenye upungufu wa kweli na anayetaka mtoto ana matibabu mengine, ambayo huichochea pampu badala ya kuizima. Hayo ni ya daktari bingwa.

SOKONI, KEMISTI NA JIMU

Testosteroni ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Duka la dawa linalokudunga bila karatasi ya daktari linavunja utaratibu, hata kama mwenye duka ni mtu wa kwenu. Angalia ukutani kama pana leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, na uulize dawa imesajiliwa au la.

Kwenye jimu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu dozi ni kubwa kuliko za hospitali na chupa hazijulikani zilikotoka. Kwa wanariadha wetu kuna jambo la ziada: testosteroni imepigwa marufuku michezoni, na hata mwenye ugonjwa halisi anahitaji kibali maalumu cha matibabu kabla ya kuitumia. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli nchini halitakubali maelezo kwamba ulidungwa na kocha bila kujua.

Kisha kuna "dawa za mitishamba za wanaume" zenye kazi ya dakika thelathini. Mamlaka ya dawa ya Marekani imewahi kupata mamia ya bidhaa za aina hiyo zikiwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali za kusimamisha uume. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati akimeza kitu hicho, presha yake inaweza kuanguka ghafla akafa. Ukiona mti umefanya kazi haraka na kwa uhakika kama kidonge, shuku kwamba ndani yake kuna kidonge.

Mukombero je? Niliulizwa hilo na wenzangu wawili wa afisini hata kabla sijaanza kuandika. Ni mzizi wa asili, watu wa magharibi mwa nchi huutafuna tangu zamani, na sina ugomvi nao. Lakini si matibabu ya upungufu wa testosteroni, na usikufanye uahirishe kupima sukari.

PA KUANZIA

Anza karibu. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wana mashine ya presha na ya sukari; waombe wakupime na wewe, si mama na mtoto tu. Zahanati au kituo cha afya kitafuata. Kama hujajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, piga *147# kwa simu yako, au omba msaada kwa mhamasishaji huyo. Ukipelekwa hospitali kubwa kwa kipimo cha homoni, uliza kwanza kama kinafanyika hapo au damu inatumwa kwingine, gharama ni kiasi gani na nani analipa, kabla ya kutoa mkono. Nenda asubuhi bila kula. Beba dawa zote unazotumia, hata za kienyeji, kwenye mfuko.

Mzee wetu alifanya hivyo. Sukari yake ilikuwa juu, na hakuwa na habari. Testosteroni ya asubuhi ya kwanza ilikuwa chini kidogo ya mpaka, ya pili ikawa juu kidogo ya mpaka. Daktari akamwambia watashughulikia sukari na uzito kwanza, kisha watapima tena baada ya miezi sita. Ameanzishiwa dawa ya kisukari, na sasa anatembea hadi sokoni badala ya kupanda bodaboda.

Alinipigia simu wiki iliyopita. Mtamba bado yuko bomani. Bwana yule wa sindano, akasema, amepunguza bei mara mbili na bado anampigia. Kisha akaniuliza, "Na ile barabara ya sokoni, kijana wangu, mtaimwaga murram lini?" Ndilo swali aliloliuliza kikaoni siku ile mbele ya watu, na bado anasubiri jibu. Nimelifikisha kwa idara ya barabara.